Nani Amekadiria? Uhakiki wa Istilahi za Kodi ya Mapato Mtandaoni

Utangulizi

Istilahi hupimwa kwa vigezo vingi. Tumezoea kusema kwamba iwe fupi, iwe sahihi, ifuate sarufi ya Kiswahili, na kila istilahi ibebe dhana moja tu. Katika makala haya tunakusudia kuongeza kigezo kingine ambacho, kwa maoni yetu, hakijatiliwa mkazo wa kutosha, nacho ni usalama wa mtu anayelitumia neno. Zipo fani ambazo ndani yake utata wa istilahi hauleti hasara kubwa kuliko mabishano ya darasani. Fani ya kodi haimo miongoni mwa hizo. Hapa neno lenye maana mbili humtia mtu adhabuni, au humfungulia mlaghai mlango.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi tangu kazi ya kodi ilipohamia mtandaoni. Zamani mwananchi alisimama mbele ya dawati la afisa. Neno likiwa na utata, afisa alilifafanua kwa mdomo, kwa mfano, na pengine kwa lugha ya nyumbani. Dawati liliusahihisha upungufu wa fomu. Kioo cha simu hakifafanui kitu. Neno limesimama peke yake, na anayelisoma hana wa kumuuliza ila mtu aliye jirani naye, ambaye huenda ni mwema na huenda si mwema.

Mifano yetu tumeielekeza Mkoa wa Singida. Huko wapo wafanyabiashara wadogo wengi wa alizeti, vitunguu, kuku na asali. Kwa watu wengi wa huko, hasa wazee, lugha ya kwanza ni Kinyaturu au Kinyiramba, na Kiswahili ni lugha ya pili. Mwenye mashine ya kukamua alizeti aliyeko Kiomboi au Itigi anaweza siku hizi kufanya mambo mengi ya kodi bila kupanda basi kwenda mjini. Hutumia simu yake, au huenda steshenari akajaziwa. Mtu huyu hawezi kurudi kwenye Kiingereza ili aone neno la Kiswahili lilikusudia nini. Istilahi ikishindwa kwake, imeshindwa kabisa.

Mzizi wa tatizo

Hapana budi tuanze na historia fupi, kwa kuwa maneno ya kodi yamebeba kumbukumbu ya namna kodi ilivyotozwa. Kodi ya kichwa na ya kibanda ya nyakati za ukoloni, na hata kodi ya maendeleo iliyofutwa mwaka 2003, hazikumtaka mlipaji aandike neno lolote. Aliambiwa kiasi, akalipa, akatunza stakabadhi yake. Hakutamka, alitamkiwa. Ndiyo maana hata leo mtu husema, “Nakwenda kukadiriwa.”

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtaka mlipakodi afanye kinyume cha hayo. Kwa mtu anayeandaa hesabu za biashara yake, sheria hiyo humtaka yeye mwenyewe atangulie kusema anatazamia kupata nini, kisha mwaka ukiisha aseme alipata nini. Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria za nchi kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 2021, yaani miaka 17 baadaye. Katika kipindi hicho chote istilahi za kodi zilikua madukani, katika matangazo na katika vinywa vya watu, bila sheria ya Kiswahili ya kuzinyoosha. Si ajabu basi kwamba mpangilio ni mpya na baadhi ya maneno yake ni ya zamani.

Makadirio

Neno la kwanza tunalolihakiki ni “makadirio”. Katika uwanja wa kodi peke yake neno hili hubeba dhana tatu.

Kwanza, ni maelezo anayotoa mlipakodi mwenyewe, ndani ya miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka wake wa mapato, kuhusu kodi anayotazamia kulipa. Ikiwa mwaka wake ni wa kalenda, hulipa kwa awamu nne zinazokoma Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Pili, ni uamuzi wa Kamishna kuhusu kodi ambayo mtu anapaswa kulipa. Tatu, ni kodi ya wafanyabiashara wadogo ambayo hutozwa kwa ngazi za mauzo ghafi zilizotajwa katika jedwali la sheria. Kikomo cha mauzo kwa utaratibu huo kilipandishwa mwaka 2019 kutoka shilingi milioni 20 hadi milioni 100 kwa mwaka. Zaidi ya hayo, mtumishi wa umma anayesoma makala haya analijua neno hilohilo katika “Makadirio ya Mapato na Matumizi” ya wizara yake, ambayo ni dhana ya nne, ingawa hiyo haimo katika kodi ya mtu binafsi.

Msomaji atauliza, je, kuna madhara gani? Madhara yapo katika haki na wajibu vinavyofuata kila dhana. Maelezo ya kwanza ni mali ya mlipakodi: biashara ikiharibika katikati ya mwaka, mathalani mvua zikikosekana na alizeti ikapungua, anaweza kuyarekebisha. Uamuzi wa Kamishna si mali yake. Asiporidhika nao, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 humpa siku 30 za kuwasilisha pingamizi. Dhana ya tatu haitegemei makisio ya mtu wala jicho la afisa, bali jedwali. Na jedwali hilo humtofautisha mwenye kutunza kumbukumbu za mauzo na asiyetunza.

Tuchukue mfano wa mwenye mashine ya kukamua alizeti aliyejaziwa maelezo ya mwanzo wa mwaka katika steshenari. Anaambiwa, “Makadirio yako ni haya.” Kwa masikio yake, serikali imesema. Hajui kwamba aliyesema ni yeye, kwa mkono wa kijana aliyemjazia, na kwamba ana njia ya kuyarekebisha. Mwingine hupokea uamuzi halisi wa Kamishna, akadhani ni yaleyale aliyoyajaza mwezi Machi, akanyamaza mpaka siku 30 zimepita. Wote wawili hawakuwa wazembe. Neno moja liliwaficha mtendaji.

Hapa sarufi ya Kiswahili inatupa funzo. Vitenzi vyetu havifichi mtendaji. “Kukadiriwa” kuna kiambishi cha kutendwa, na msikilizaji hujua kwamba mwingine ndiye aliyefanya. “Kujikadiria” kuna kirejeshi -ji-, na msikilizaji hujua kwamba mtu amejifanyia mwenyewe. Lakini tukiunda nomino “makadirio”, viambishi hivyo viwili huanguka, na pamoja navyo huanguka jibu la swali la msingi: nani amekadiria? Watafsiri wengi huipenda nomino kwa sababu Kiingereza cha sheria hujengwa kwa nomino. Kiswahili hakilazimiki kufuata tabia hiyo. Pale ambapo kitenzi kinasema ukweli na nomino inauficha, kitenzi ndicho kiwekwe kwenye fomu.

Pendekezo letu ni kwamba maelezo ya mwanzo wa mwaka yaitwe “makisio ya mlipakodi”. “Makadirio” yabaki kwa uamuzi wa Kamishna peke yake. Na kodi ya wafanyabiashara wadogo iitwe “kodi ya mauzo ghafi”, kwa kuwa mauzo ghafi ndiyo yanayopimwa. Yupo atakayepinga akisema kwamba “kukisia” si kazi ya hesabu, ni kubahatisha. Tunajibu kwamba maelezo ya mambo yajayo ni makisio kwa asili yake, na sheria yenyewe imekubali hivyo kwa kuruhusu yarekebishwe. Neno lililo nyenyekevu linamfundisha mlipakodi kwamba kauli yake ya Machi si mwisho wa safari.

Ritani na marejesho

Neno la pili ni lile linalotaja maelezo kamili ya mapato na kodi baada ya mwaka kwisha, ambayo hutakiwa ndani ya miezi sita, yaani kufikia Juni 30 kwa mwaka wa kalenda. Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambayo ilianza kazi Julai 1, 1996, hulitumia neno “ritani” katika matangazo yake ya Kiswahili. Wapo watafsiri ambao hawaridhiki nalo, nao huandika “rejesho” au “marejesho”. Hoja yao ni kwamba ritani ni neno la kuazima lisilo na mzizi katika Kiswahili, na kwamba maana ya Kiingereza chake ni kurudi au kurudisha.

Kwa kawaida sisi tungekuwa upande wa neno lenye mzizi. Katika suala hili hatuwezi. “Marejesho” tayari yana kazi mbili, na zote mbili ni za fedha. Mwanachama wa kikundi cha kukopeshana anajua kwamba marejesho ni fedha anayolipa kila wiki au kila mwezi. Mfanyabiashara anajua kwamba marejesho ya kodi ni fedha ambayo serikali humrudishia aliyelipa kupita kiasi. Katika kazi ya kwanza fedha hutoka kwake. Katika ya pili huja kwake. Ritani haina mwendo wowote wa fedha: ni maneno na tarakimu tu. Tukiiita marejesho, tutakuwa tumelipa neno moja pande tatu, na asiyejua sheria atachagua upande anaoupenda.

Upande huo walaghai wanaujua vizuri. Ujumbe wa simu unaosema kwamba “marejesho yako ya kodi yako tayari, bonyeza kiungo hiki” ni hadaa inayojulikana katika nchi nyingi ambazo kodi hushughulikiwa mtandaoni. Nguvu yake yote iko katika neno. Mtu aliyefundishwa kuwa marejesho ni fomu anayopaswa kuijaza atabonyeza kwa kuogopa adhabu. Aliyefundishwa kuwa ni fedha anayorudishiwa atabonyeza kwa matumaini. Neno “ritani” halina mtego huo. Hakuna anayesikia ritani akafikiri kwamba kuna fedha inamngoja.

Tunafikia hapa kauli ambayo huenda ikawashangaza baadhi ya wasomaji wa kurasa hizi: neno la kuazima lenye maana moja ni salama kuliko neno letu lenye maana tatu. Kauli hii si ruhusa ya kutohoa ovyo. Ni ukumbusho kwamba asili ya neno si kigezo cha pekee. “Kodi ya Ongezeko la Thamani”, iliyoanza kutozwa Julai 1998, inaonyesha kwamba Kiswahili kinapolenga dhana barabara hakihitaji kuazima. Neno lenyewe linasema kinachotozwa.

Walakini ritani haijielezi, na ni lazima ielezwe. Kwa jambo hili tunalo neno ambalo kila kiongozi wa umma analifahamu, nalo ni “tamko”. Sheria ya maadili huwataka viongozi wa umma watoe tamko la rasilimali na madeni yao. Tamko ni kauli ya mtu mwenyewe, anayoitia saini na kuwajibika kwayo. Kwa hiyo tunashauri kwamba kila waraka, kila fomu na kila ukurasa wa mtandao utakapotaja ritani kwa mara ya kwanza, useme: “ritani, yaani tamko la mlipakodi kuhusu mapato na kodi yake.” Neno “marejesho” lisitumike kabisa kwa maana hiyo.

Maelezo hayo yatasaidia kuondoa kosa jingine, la kuchanganya kuwasilisha na kulipa. Mtu aliyekwisha lipa huamini kwamba amemaliza, kumbe hajawasilisha ritani, na adhabu ya kuchelewa huhesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Kwa upande mwingine, mtumishi ambaye mapato yake yote ni mshahara uliokatwa kodi na mwajiri halazimiki kwa kawaida kuwasilisha ritani. Akifungua duka, hali hubadilika. Akijua kwamba ritani ni tamko, atajiuliza: je, ninalo jambo la kutamka ambalo mwajiri wangu halijui? Swali hilo ni mwongozo mzuri kuliko kurasa nyingi za maelekezo.

Namba

Neno la tatu ni “namba”. Ni neno dogo, na kwa hiyo halitiliwi shaka. Hebu tuhesabu namba ambazo mwananchi hukutana nazo anaposhughulikia kodi mtandaoni. Ipo namba ya utambulisho wa mlipakodi, yenye tarakimu 9. Ipo namba ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20. Ipo namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, yenye tarakimu 12, ambayo hupewa benki au huingizwa katika simu wakati wa kulipa. Ipo namba ya simu. Ipo namba ya siri ya huduma ya fedha. Na ipo namba fupi inayotumwa kwa simu ili kuthibitisha kwamba anayeingia katika akaunti ndiye mwenyewe.

Namba hizi hazina hadhi moja. Ya mlipakodi huonyeshwa katika shughuli za biashara. Ya malipo inaweza kupewa mtu yeyote anayekwenda kulipa kwa niaba yako. Hasara yake ni kwamba atakulipia. Ya kitambulisho cha taifa hutolewa kwa uangalifu, kwani ni taarifa binafsi. Mbili za mwisho hazitolewi kwa mtu yeyote, awe afisa, awe jamaa, awe mwenye steshenari. Lakini katika mazungumzo zote ni “namba”. Anayejaza fomu husema, “Nipe namba,” mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kufikia ya nne, mteja aliyekwisha zoea kutoa atatoa hata ile isiyotolewa.

Watanzania hawahitaji kufundishwa nguvu ya neno hili. Kila mwenye simu amewahi kupokea, au kusimuliwa, ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Ujumbe huo hautaji jina, hautaji deni, hautaji hata namba ya nini. Unategemea kwamba msomaji atajijazia mwenyewe. Katika kodi, jawabu la hadaa hiyo ni la wazi: malipo ya kodi hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, wala hayatumwi kwa namba ya simu ya mtu. Lakini jawabu hilo haliwezi kukaa akilini ikiwa vitu vyote viwili vinaitwa kwa jina moja.

Tunapendekeza kanuni mbili. Kanuni ya kwanza: katika maandishi rasmi neno “namba” lisiachwe peke yake hata mara moja, liandikwe daima pamoja na kazi yake. Kanuni ya pili: kile kisichoonyeshwa mtu kianze na neno “siri”, si neno “namba”. Ile namba fupi inayotumwa kwa simu, ambayo wengine huiita “namba ya uthibitisho”, iitwe “siri ya mara moja”. Jina la zamani linakaribisha: kuthibitisha ni jambo jema, na mlaghai husema, “Nitajie namba ya uthibitisho tukuthibitishe.” Jina jipya linakataza lenyewe. Mtu akiambiwa, “Nitajie siri yako,” atashtuka hata kama hajui kusoma.

Kwa kigezo hichohicho hatuwezi kuipa “nywila” alama za juu. Ni neno fupi, lina sura ya Kiswahili, na limeenea katika miaka ya karibuni miongoni mwa wataalamu. Lakini halimwonyi mtu asiyelijua. “Neno la siri” ni refu kidogo, nalo hujieleza na huonya kwa pamoja. Katika vitabu vya elimu ya kompyuta nywila ina nafasi yake. Kwenye ukurasa anaousoma mkulima au mwenye kioski, tungeandika “neno la siri”.

Tusisahau vitenzi vinavyoandikwa kwenye vitufe. “Hifadhi” katika fomu ya kodi maana yake ni kuweka kazi ambayo haijakamilika. “Wasilisha” maana yake ni kuikabidhi. Aliyehifadhi hajawasilisha. Baya zaidi, kompyuta ya steshenari inaweza kumuuliza kama neno la siri lihifadhiwe, naye, akiwa amekwisha kufundishwa kwamba kuhifadhi ni jambo zuri, akakubali, akaiacha siri yake katika mashine ya mtu mwingine. Kitufe cha kwanza kiandikwe “weka rasimu”, ili “hifadhi” lisifanye kazi mbili zinazopingana.

Kazi iliyo mbele yetu

Huenda ikasemwa kwamba ulinzi wa mwananchi ni kazi ya sheria, wala si kazi ya istilahi. Ni kweli kwamba tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Lakini sheria humfuata mkosaji baada ya tendo. Neno lipo kabla ya tendo, katika ile nafasi fupi ambapo mtu anaamua kubonyeza au kutobonyeza.

Watafsiri tunawaomba, kabla ya kuandika nomino yoyote ya kodi, wajiulize nani anatenda, na fedha inaelekea wapi. Walimu wanaweza kuzitumia namba tulizozitaja kama zoezi la ufahamu: wanafunzi wazipange kuanzia ile inayoonyeshwa hadi ile isiyotajwa, na wawafundishe wazazi wao kwamba anwani za mtandao za serikali ya Tanzania huishia na go.tz. Watumishi wa umma wanaoandika matangazo wanaweza kuanza kesho kuandika “ritani, yaani tamko”, bila kusubiri kikao.

Mwisho, tunawageukia wasomaji walioko Singida. Desturi yetu katika kukuza istilahi ni kuzitazama pia lugha za Kibantu za nchini kabla ya kwenda mbali. Bila shaka Kinyaturu na Kinyiramba vina maneno ya kutofautisha mtu anayejisemea kiasi cha mavuno yake na mtu anayepangiwa na mwingine. Wanaoyajua wayaandike, pamoja na mifano ya matumizi yake, na watuletee. Juni 30 haiko mbali, na wapo watakaokaa tena mbele ya kioo wakisoma “makadirio” bila kujua ni ya nani.